Mwaka Niliokuwa Binti wa Gidioni

Upendo ni mtoto wa dada yangu Anaeli, na kazi yake ni kutunga muziki. Alikwenda nje kusoma, akarudi na nywele fupi na neno moja ambalo ilibidi anieleze mara kadhaa: opera. "Ni igizo, mama mdogo, ila hawasemi. Wanaimba mwanzo mpaka mwisho." Nikamuuliza, hata mtu akiomba chumvi? "Hata akiomba chumvi." Nilimwambia hiyo ni kazi ya watu walioshiba, lakini mtoto yule anajua kubembeleza. Alisema mimi ndiye niliyebaki kati ya waliowahi kuimba kwaya na marehemu bibi yake kule Kikwe, na kwamba hataruhusu watu wakate tiketi kabla sijasikia mazoezi. Basi Jumamosi moja mwezi uliopita nikatoka kwangu Elerai nikaenda Kijenge, kwenye ukumbi wa shule waliouazima, nikapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, mkoba mapajani, tayari kusinzia kwa adabu. Kinanda kikaanza. Akaingia binti mwembamba na beseni la ndizi, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya huku akiimba kwa sauti ya chini, na nyuma yake watu wa kwaya wakawa wanaulizana, "Wa nani huyu? Wa nani huyu?" Usingizi wote ukaniruka. Upendo alikuwa ameniambia tu kwamba ni habari ya mtu aliyejificha. Hakuniambia habari za ndizi.

Nilikaa nikijishika viganja. Akatokea mwanamke mwenye nyumba, akatokea balozi wa nyumba kumi na kofia yake, na mwishowe akatokea mwanamume mmoja, mnene, sauti nzito ya kupendeza, ameshika begi. Balozi akamwimbia, "Huyu unamjua?" Kinanda kikanyamaza. Mwanamume akamtazama yule binti, halafu akaimba, akilivuta neno mpaka likafika darini: "Simjui. Simjui huyu." Kwaya ikamzunguka binti, ikamchukua. Vijana waliokuwa wamekaa pembeni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeloa jasho mgongoni, na ilikuwa saa nne asubuhi, mlima umefunikwa mawingu, baridi ya Julai.

Kwenye mapumziko Upendo akaniletea chai na andazi. "Umeionaje?" Nikamuuliza hadithi ameitoa wapi. Akasema ni ya bibi yake. Mwaka ule wa mwisho, akili zikimtoka bibi na kumrudia, alikuwa akirudia jambo moja: kuna msichana anamficha nyumbani, anamenya ndizi, na kuna mwanamume anakuja njiani na begi, na balozi anamuuliza kama anamjua. "Nikimuuliza ikawaje, analala. Au ananiambia nikamfungie ng'ombe. Basi nikaimalizia mwenyewe." Nikamwambia, umeimalizia kwa kumfanya yule baba amkane mtoto. Akacheka, akanishika bega. "Mama mdogo, opera bila mtu kuangamia watu watadai hela zao." Chai niliiweka chini. Andazi nililitia mkobani, na mpaka leo sikumbuki nililifanyia nini.

Najua wanaoandika maisha yao huanza na babu zao, mto uliopita nyuma ya nyumba, na mama alivyokuwa akipika. Mimi nitaruka. Nchi niliyozaliwa sitaitaja, wala jina nililopewa na baba aliyenizaa, na si kwa sababu nimeyasahau. Nitasema tu kwamba nilikuwa na miaka kumi na saba nilipofika soko la Tengeru bila mtu wa kwetu hata mmoja, nikalala chini ya meza ya nyanya, na mwanamke wa Kimeru aliyekuja kuuza ndizi akainama kuokota nyanya iliyodondoka akaniona. Hakupiga kelele. Alininong'oneza, "Wewe, unajua kubeba mkungu?" Nilikuwa najua. Nikaubeba ule uliokosa mnunuzi hadi Kikwe, nyuma yake, na tangu siku hiyo nikawa namwita Shangazi.

Njiani alikuwa ameshanitungia ukoo. Mimi nilikuwa binti wa kaka yake Gidioni, aliyehamia Bukoba zamani akaoa hukohuko. Ndiyo maana sijui Kimeru, ndiyo maana Kiswahili changu kina vikwazo. Jina akanipa Elinipa, maana yake Mungu amenipa, akaongeza, "Na kama hakukupa wewe, amenipa mimi." Shangazi alikuwa mjane, bintiye Anaeli yuko shule ya bweni, na nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, jiko la nje, na zizi la ng'ombe mmoja mwenye hasira. Nililala chumba cha magunia ya mahindi. Panya walikuwa wakitembea juu ya magunia nami nikihesabu hatua zao, nikiogopa zisigeuke za mtu. Chakula chetu kilikuwa makande, ndizi, na loshoro, yale mahindi yanayochanganywa na maziwa ya mgando, ambayo mara ya kwanza yalinishinda. Shangazi akaniangalia nikihangaika nayo. "Meza. Mmeru asiyekula loshoro hata mbwa atamshtukia." Nikameza. Sasa nikikaa juma bila loshoro naumwa.

Kwa nini kujificha, katika nchi ya amani kama hii? Mwaka ule watu wa kwetu walikuwa wakiwindwa kwa namna mbili. Walikuwepo waliotufuata kutoka kulekule, wanaume waliovaa vizuri, wakipita masokoni na picha mkononi wakiulizia watu kwa majina, na aliyepatikana hakusikika tena. Na yalikuwepo malori ya kuwarudisha mpakani wasio na karatasi, na mpakani walikuwa wakisubiri wenzao wale wa picha. Kwa hiyo yote yalitegemea mtu mmoja, naye ni Mzee Sifaeli, balozi wetu wa nyumba kumi. Kila mgeni anayelala kwenye nyumba zake ilibidi yeye amjue. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kazi yake, na hiyo ilinitisha zaidi.

Shangazi alinificha mahali ambapo sikutegemea: kwenye kwaya. "Watu wakikuona unaimba nao kila Jumapili, nani atakuuliza umetoka wapi?" Mwalimu wa kwaya alikuwa akiandika noti ubaoni kwa chaki, do re mi, nami nilizijua kuliko nilivyotaka ijulikane. Akaniweka sauti ya pili, katikati ya wanawake wawili wenye vifua vya nguvu, na mimi nikajifunza kufungua mdomo sawasawa na wao huku nikitoa pumzi tu. Yeye hakudanganyika. "Elinipa, unaimba au unapumua?" Watu walicheka, nami nilicheka, na siku hiyo sikula jioni. Niliogopa kusikika. Nilidhani sauti ya mtu ina uso, na kwamba yupo mahali fulani anayeweza kuisikia yangu akaitambua. Nimekuwa mwanakwaya maisha yangu yote, Kikwe na baadaye mjini, na hakuna aliyewahi kunisikia nikiimba peke yangu.

Miezi ikaenda. Shangazi, ambaye hakumwachia mtu yeyote ufunguo wa nyumba yake, hata Anaeli akija likizo, akaanza kuniachia. Ulikuwa ufunguo mzito wa chuma, umefungwa kwa kamba ya katani, na yeye aliuvaa shingoni chini ya gauni. Siku za soko alianza kuuvua na kunivisha. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umeshalichakaza, chukua na huu." Nilitembea siku nzima nimeushika kwa nje ya nguo. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kujisahau, na kujisahau ndiko kulikotuponza.

Ilikuwa kwenye maziko ya jirani mmoja, mwezi wa kumi. Kijiji kizima kilikuwa kimezunguka kaburi, mchungaji akaomba, jeneza likaanza kushuka kwa kamba. Mimi sikumjua marehemu vizuri, lakini kamba zile zilivyokwaruza mbao nikawakumbuka wa kwangu ambao hakuna aliyewashusha kwa kamba. Mkono ukanyanyuka wenyewe. Paji la uso, kifua, bega la kushoto, la kulia. Nilipofumbua macho, Mzee Sifaeli alikuwa ng'ambo ya kaburi akinitazama. Kikwe yote ni Walutheri tangu mababu. Hakuna mtoto wa kule anayejiandika ishara ya msalaba; hiyo ni ya Waroma, yaani Wakatoliki. Wapo waliodhani nafukuza nzi. Yeye hakudhani.

Alikuja Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Nilikuwa jikoni nachochea moto, na dirisha la sebule lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno. Walianza na mvua, wakaenda kwenye mfereji na zamu za maji, wakaulizana ng'ombe. Ndipo balozi akasema, "Mama Anaeli, yule binti wako. Mmeru gani anajiandika msalaba kama Mroma?"

"Mama yake ni Mroma," Shangazi akajibu upesi. "Kaka yangu kaoa huko."

"Gidioni? Mtoto wa mwinjilisti?"

"Mapenzi hayaulizi mwinjilisti."

"Sikatai. Ila mimi nikija kuulizwa na wakubwa, nitasema nimeambiwa na shangazi tu? Wanasema kuna watu wamejazana vijijini, na malori yatafika mpaka huku. Nataka kulisikia kwa baba mwenyewe."

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Basi utalisikia," Shangazi akasema. "Anakuja Krismasi."

Alipoondoka, Shangazi alikuja jikoni akakaa juu ya kuni. Ni kweli Gidioni alikuwa ametuma salamu kwamba mwaka huo atakuja, baada ya miaka mingi, kwa sababu kulikuwa na kikao cha ukoo. Na ni kweli vilevile kwamba Gidioni hakujua kuwa ana binti anayeitwa Elinipa. Nilimwambia amwandikie. Akasema mambo haya hayaandikwi, barua hupita mikono mingi. Nikamwambia basi niondoke. Akakasirika sana, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Uondoke uende kwa nani? Kaa hapo. Nitamdaka stendi kabla hajafika huku." Tangu siku hiyo Krismasi, ambayo kwa watu wa mlimani ni siku ya kurudi nyumbani, kuchinja na kupaka nyumba chokaa, kwangu ikawa kama siku ya hukumu. Nyimbo za Noeli tulizojifunza kwenye kwaya mpaka leo siwezi kuzisikiliza, na wajukuu wangu hawajui kwa nini bibi huzima redio.

Juma la Krismasi lilipofika Shangazi akawa anadamka kwenda stendi ya Arusha kuvizia mabasi ya Bukoba. Alikuwa akiwashika watu mikono, akiwachungulia usoni. Hakujua kwamba kaka yake alikuwa amepata lifti ya lori la rafiki yake, na kwamba lori lile lilimshusha barabara kuu mchana, mbele ya duka ambalo Mzee Sifaeli hukaa kucheza bao.

Nilikuwa kwenye kigoda nje ya jiko, beseni la ndizi mbele yangu, mikono myeusi kwa utomvu. Nilisikia kicheko cha balozi kabla sijawaona. Kando yake alikuwa mwanamume mwembamba, si mnene kama yule wa Upendo, amevaa koti la mvua lisilo na vifungo, begi la kahawia begani. Nikajua ni nani kwa pua; ilikuwa pua ya Shangazi. Nilitaka kukimbilia migombani, lakini walikuwa wameshafika uani. Wakasimama. Balozi hakuwa amemwambia kitu njiani. Alitaka kuona mwenyewe.

"Gidioni," akasema, "huyu unamjua?"

Mtu yule alinitazama. Alitazama nyumba, mlango ulio wazi, akanitazama tena. Nilifungua mdomo, na sauti niliyokuwa nimeificha mwaka mzima ikatoka imekwaruzika: "Shikamoo, baba."

Kuku alipita kati yetu. Kisha akashusha begi akanitupia mapajani, juu ya ndizi na utomvu wote. "Marahaba. Mbona umekonda hivi? Shangazi yako hakulishi?" Akamgeukia balozi. "Mtoto nimemtuma huku anone, angalia. Ingiza begi ndani, kuna samaki, wasije wakanuka."

Balozi akajaribu mara moja zaidi. "Anajiandika msalaba, Gidioni. Kaburini."

"Mama yake huyo! Nimesema nimechoka. Mimi ndani ya nyumba nimeshindwa, wewe balozi utaweza?" Wakacheka wote wawili, balozi akapewa samaki mmoja mkavu, akaondoka ameridhika na akimsikitikia mwenzake.

Gidioni alinifuata jikoni, akakaa, akavua viatu. Alingoja hatua za balozi zipotee kabisa. "Haya," akasema taratibu. "Sasa niambie, mimi ni baba wa nani?" Nikalia kilio ambacho sikuwahi kulia tangu nilipotoka kwetu. Nilipoweza kusema nikamwambia yote, na jina langu la kweli nikamwambia. Alilikosea. Akaomba nirudie, akalijaribu tena mpaka likakaa sawa mdomoni mwake, akasema ni jina zuri na sasa tulifungie. Nilimuuliza kwa nini amenikubali bila kunijua. Akaninyooshea kidole kifuani, ambako ufunguo ulikuwa umetoka nje ya nguo. "Dada yangu alininyima mimi huo ufunguo, na tumenyonya ziwa moja. Nikajua wewe ni wake. Na kama ni wake, ni wangu." Shangazi aliporudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakuta kaka yake anakula na mimi nampakulia, alikaa chini pale mlangoni na kiatu kimoja mguuni, akacheka mpaka akalia.

Na siku ya Krismasi kanisani, mchungaji alipotoa baraka, Gidioni, mtoto wa mwinjilisti, akasimama benchi la mbele akajiandika ishara ya msalaba mbele ya usharika wote. Aliikosea, alianza na bega la kulia, akarudi, akapotea katikati. Watu waliziba midomo. Kijiji kizima kikasema mke amemgeuza Gidioni, maskini, na binti yake naye. Hakuna aliyeniuliza tena. Ndugu zake wa ukoo walimtania kwa hilo mpaka alipokufa, naye hakuwahi kujitetea. Alikuja kunitoa siku ya harusi yangu. Alipofariki nilivaa nguo za msiba kama binti, na nilikuwa binti.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyashika pale kwenye kiti cha plastiki, chai ikipoa. Shangazi hayupo, Gidioni hayupo. Nimebaki mimi tu ninayejua, na kitambulisho changu, kiwanja cha Elerai, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wangu, vyote vimesimama juu ya jina alilolitunga mwanamke mmoja akiwa njiani na ndizi. Naogopa, siwezi kusema siogopi. Uzee haukunipunguzia, hata sasa mtu akigonga geti nisiyemtegemea huwa natafuta pa kuweka mikono. Ningeweza kumsifia Upendo, nikarudi nyumbani, nikafa nayo. Lakini wangekuja watu, wangekata tiketi, na mbele yao baba yangu angesimama na begi lake akiimba kwamba hanijui. Na angeimba hivyo kila wanapocheza.

"Upendo," nikasema. "Hakumkana."

"Nani, mama mdogo?"

"Babu yako Gidioni. Yule mwenye begi. Hakumkana yule msichana. Alisema, mbona umekonda hivi, shangazi yako hakulishi?"

Alikuwa na penseli sikioni. Akaitoa, akaishika tu. Alikaa kwenye kiti cha karibu akanitazama uso, kisha mikono, kana kwamba anatafuta utomvu wa ndizi. "Umejuaje alichosema?" Macho yake yakaanza kujaa. "Mama mdogo... kwenye karatasi nimemwandika Msichana tu. Bibi hakunitajia jina." Nikainama nikamtajia sikioni. Alilikosea, kama babu yake alivyolikosea. Nikarudia, akalipata.

Hakuwaeleza wenzake kitu. Alimwendea yule mnene mwenye sauti nzito, akamwimbia maneno mapya polepole, akamwambia akate ile "Simjui" yote. Kijana akalalamika kwamba hiyo ndiyo noti yake nzuri. Akaambiwa aingie tena. Binti akakaa kwenye kigoda na ndizi zake, balozi akauliza swali lake, na mwanamume akatupa begi akaimba, "Mbona umekonda hivi? Shangazi yako hakulishi?" Yule binti alibaki mdomo wazi, maana zamu yake ilikuwa haijaandikwa. Kinanda kilikuwa kimenyamaza. Basi mimi nikasimama, nikaimba kwa sauti yangu yote, mpaka watu wa mlangoni wakageuka: "Shikamoo, baba."